Mashairi juu ya lava: shajara ya mradi na Baba mdogo wangu, Goma

Ninaweka shajara hii kwa ajili ya yeyote aliye na malenga nyumbani ambaye amenyamaza. Malenga wangu ni Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, mwenye miaka 65. Ujanani aliishi Kigoma akiuza ndagaa, na huko alijifunza kutunga kwa kusoma kurasa za washairi katika magazeti ya Tanzania. Aliporudi Goma, huku Kongo, alitunga zaidi ya miaka 30: harusi, misiba, ubatizo, mvua iliyochelewa. Kaye (madaftari) nne zilijaa.

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Nyumba yake ya mbao, pale Buhene, ilifunikwa na lava pamoja na sanduku lenye kaye zote nne. Tangu usiku ule hakutunga hata mshororo mmoja. Alianza pombe ya kasiksi asubuhi, alilala mchana, na usiku alikaa mlangoni kwetu akiangalia upande wa mlima. Mama mdogo alikwenda Bukavu kwa binti yao. Yeye alikataa kuondoka.

Lengo: mashairi 12 mapya, yote yatungwe nje, mbele ya kitu kinachoonekana kwa macho. Mimi nafanya kazi katika sekretariati, kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, kwa hiyo kuyachapa naweza. Ninachohitaji ni maneno kutoka kinywani mwake.

6 Februari 2022. Kuanza

Nimenunua kaye moja ya mistari (franka 1,500), kalamu tatu na mabuti ya mpira kwa ajili yake (dola 7), maana lava hukata kandambili siku moja tu. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo atasema na mimi nitarekodi kwa simu, kisha nitaandika. Tutatoka kila Jumapili baada ya misa. Bajeti yote ni dola 60, nilizoweka tangu Krismasi.

27 Februari 2022. Mlima Goma

Haikufaulu. Nilifikiri mahali pa juu patamfungua. Tulichukua moto (pikipiki) mbili hadi chini ya Mlima Goma (franka 4,000 kwenda na kurudi), tukapanda polepole. Mbele yetu lilikuwa ziwa lote la Kivu, nyuma mji, na juu ya mji Nyiragongo, mita 3,470, bila wingu hata moja. Nilikuwa nimemwandikia maneno 20 kwenye karatasi ili yamsaidie: adhimu, fahari, vilele, samawati.

Alisoma karatasi, akaikunja, akanirudishia. Alisema sentensi moja tu mchana ule:

“Mulima uyu niliusifu miaka makumi tatu, mama. Ona vile ulinilipa.”

Anayetaka kuiga kazi hii asianze na mahali ambapo kila mtu hupigia picha. Mbele ya mandhari kubwa malenga mwenye jeraha hukuta maneno aliyokwisha kuyatumia, na kila neno linamkumbusha alipolitumia.

20 Machi 2022. Buhene

Hili ndilo kosa langu kubwa katika mradi wote, na naliandika kwa urefu ili mwingine asilirudie.

Nilimpeleka mahali nyumba ilipokuwa. Niliamini kwamba akiliona jeraha litatoka usaha na maneno yatafuata. Lava ya 2021 ilikuwa bado nyeusi tii, yenye kingo kama chupa zilizovunjika. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na kwenye nyufa ulipanda mvuke mwembamba. Alianza kupima kwa hatua: kutoka barabara hadi mti wa parachichi wa jirani, kutoka mti hadi mlangoni. Lakini mti haukuwapo, barabara haikuwapo, na hatua zake hazikuwa na mahali pa kuanzia. Alihesabu mara nne. Mara ya nne alikaa chini.

Simu yangu ilikuwa ikirekodi wakati huo wote. Nina dakika 38 za upepo na pumzi yake. Sijazisikiliza tena.

Usiku ule hakurudi. Nilimkuta asubuhi nyuma ya banda la kasiksi, ameloa. Kwa wiki mbili hakula vizuri. Mshauri wa kituo cha afya alinieleza kwa upole kwamba mtu hasukumwi kuuzungumzia usiku kama ule, anangojewa. Nikasimamisha mradi. Gharama: moto franka 3,000, dawa dola 9, na wiki sita.

1 Mei 2022. Tisa

Leo kuna jambo.

Nyumba ya baba yangu imejengwa juu ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji na kuiangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Nyuma ya jiko letu kuna kipande ambacho hakijasawazishwa, kama hatua nane kwa sita. Tunaanika nguo hapo. Wakati nikianika nilikuwa nikijaribu kutunga mwenyewe, kwa sauti, bila kujua kwamba yuko macho upande wa pili wa ukuta:

*Lava ilipoza moto, kangaga likaota kwanza.*

Sauti ikatoka nyuma ya mbao: “Tisa. Tena haiko kangaga.”

Sikuelewa. Akatoka, mara ya kwanza kwa siku tatu, akasimama mlangoni akihesabu kwa vidole: ka-nga-ga li-ka-o-ta kwa-nza. Kweli, silabi tisa, na utao, yaani nusu ya pili ya mshororo, wa shairi la kawaida hutaka nane. Kisha akainama mpaka chini akanionyesha kitu nilichokikanyaga miaka 20 bila kukiona. Juu ya jiwe kulikuwa na ukoga wa kijivu uliosimama kama vichaka vidogo sana, mfupi kuliko ukucha. Huo, alisema, hutangulia. Kangaga hungoja ukoga umtengenezee mahali pa kushika.

Nilitafuta baadaye. Wataalamu wa mimea wanauita *Stereocaulon vesuvianum*, na ndio hasa unaotangulia kuota kwenye lava za Virunga. Ndio unaozifanya lava za zamani zionekane za kijivu kutoka mbali wakati zile mpya bado nyeusi. Baba mdogo ameziona lava tatu: ya Januari 1977 akiwa kijana wa miaka 20, ya 2002, na hii iliyomchukulia nyumba. Anajua kwa macho yale ambayo wengine wameyapima.

Jioni aliniita nikalete kaye:

*Si kangaga la kijani, la kwanza lililofika,*
*Ni ukoga wa jiweni, kijivu umejivika,*
*Hausaki udongoni, kwa umande hutosheka,*
*Utazame taratibu, ndipo utautamka.*

Nimehesabu mara tano. Nane na nane, kila mahali. Nililia jikoni ili asinione.

29 Mei 2022. Njia tunayoifuata sasa

Kwa wale wanaotaka kuiga. Miezi mitatu nilimwomba atunge, na ombi ni mzigo. Shairi lenye kosa ni kama mlango ulioachwa wazi: malenga hawezi kupita bila kuufunga. Tangu zamani washairi wetu wamejibizana, mmoja anauliza na mwingine anafungua fumbo. Nilikuwa nimemweka mtu huyu peke yake mbele ya mlima na kumtaka aseme na jiwe.

Sasa kila Jumapili natunga ubeti kuhusu kitu kimoja katika kile kipande cha nyuma ya jiko. Siweki makosa kwa makusudi, maana atajua, na itakuwa dharau. Najitahidi kwa uwezo wangu wote, na makosa yanakuja yenyewe. Nausoma kwa sauti. Akinyamaza, tunakunywa chai. Akisahihisha, nawasha simu.

Matokeo ya wiki nne: mashairi mawili kamili na nusu ya la tatu. Kasiksi bado ipo, lakini Jumapili anangoja jioni.

10 Julai 2022. Mazuku

Someni hapa kwa makini kama mko Goma.

Tatizo lilianzia kwenye sauti. Kila tuliporekodi nje, upepo ulikula maneno. Silabi moja ikipotea, mizani yote inaharibika, na nikimuuliza siku ya pili anakuwa amekwisha kulibadilisha. Nikafikiri: tutafute mahali palipojificha, alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Tukaenda Bulengo, saa kumi na moja na nusu, tukashuka katika bonde dogo karibu na maji. Palikuwa kimya kabisa. Nilifurahi.

Baada ya dakika chache nilisikia kichwa kizito na pumzi inakwenda mbio kama ya mtu aliyepanda ngazi. Baba mdogo alikuwa amekaa chini zaidi yangu. Nilidhani anatafuta neno. Mama mmoja aliyekuwa akipita juu na ndoo akapiga kelele: “Mutoke umo! Ni mazuku!” Nilimvuta kwa mikono miwili. Magoti yake yalikuwa hayana nguvu. Tulipofika juu tulitazama nyuma, na ndipo tukaona mjusi na ndege wawili wadogo wamekufa pale chini.

Neno tunalijua wote tangu utoto, upepo mbaya, lakini kulijua neno hakukunizuia. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na hujaa katika mashimo na mabonde kama maji. Upepo na jua huitawanya. Usiku na alfajiri tulivu hutulia chini, ndiyo maana mbuzi na watoto hufa kwanza, kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi. Mahali nilipopatafuta kwa ajili ya utulivu wake ndipo mahali pake hasa.

Kanuni tangu leo: hatukai shimoni kamwe, tunatoka jua likiwa juu, tunakaa mahali panapopigwa na upepo. Na upepo kwenye simu? Soksi. Soksi ya sufu ya mtoto, ikivishwa upande wa maikrofoni, inakata kelele karibu zote. Bei yake sokoni ni franka 500. Kwa franka hizo nilikaribia kumpoteza Baba mdogo.

Hakutunga kuhusu mazuku. Nilimuuliza mara moja, akatikisa kichwa, nami nimejifunza kungoja.

12 Agosti 2022. Ziwani, bila faida

Alitaka kuwasikia wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Kivu. Nililipa dola 5 ili tupakiwe usiku. Tulifika ufukweni tukakuta mitumbwi yote imelala mchangani. Mwezi ulikuwa mpevu. Wavuvi hawa huwavuta samaki kwa mwanga wa taa, na mwezi ukijaa taa haina kazi. Mtu aliyeuza ndagaa Kigoma alikuwa anajua hivyo, na hakuniambia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alitaka tu kukaa karibu na maji. Tukakaa mpaka saa nne. Sihesabu dola 5 zile kuwa hasara.

26 Agosti 2022. Ziwani, giza

Usiku bila mwezi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi inayochomoza mbele na nyuma, wavu unashushwa katikati, taa zinawashwa. Wakipiga makasia wanaimba, mmoja anatoa na wengine wanaitikia.

Baba mdogo alifanya jambo ambalo sikulitarajia: alijaribu shairi la mizani 16, akaliacha katikati. Alisema kasia moja halibebi 16. Mkono unakwenda na kurudi, na katika kwenda na kurudi huko zinaingia nane tu. Kwa hiyo akageukia utenzi, wenye mishororo mifupi:

*Mitatu imefungana*
*Kwa miti mirefu sana,*
*Taa zinaitikana,*
*Sambaza waje nuruni.*

Alitunga beti 14 kabla hatujarudi, bila kunywa kitu ila chai ya tangawizi ya wavuvi. Njiani alinieleza kwamba sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazaana mpaka akawa chakula cha mji mzima. “Tulitoka naye pamoja ziwa moja,” alisema, na nilikuwa sijamsikia akijisemea namna hiyo tangu Mei ya mwaka uliopita.

18 Septemba 2022. Kiswahili kipi?

Mashairi sita sasa. Tumebishana wiki nzima kuhusu lugha. Mimi nilitaka sanifu tupu, ili msomaji wa Dodoma au Mombasa asikwame. Yeye anataka Kiswahili cha Goma kiingie pale kinapodai kuingia. Tulikaa na kaye tukahesabu, na tuligundua kwamba mara nyingi mizani haibadiliki. Mtu ni m-tu, mbili, na muntu ni mu-ntu, mbili. Nchi ni n-chi, mbili, na inchi ni i-nchi, mbili vilevile. Mwalimu angeona maneno mawili, sikio linahesabu sawa. Panapovunjika ni kama si, moja, na haiko, tatu. Hapo unachagua unayoihitaji, nami naona hiyo ni mali, wala si aibu.

Tumekubaliana: anayetunga ndiye anayeamua, na mimi ninayechapa sisahihishi neno bila kumuuliza.

4 Desemba 2022. Wiki nyingi bila kuandika

Mpango wa Oktoba ulikuwa kwenda upande wa Kibati kuilinganisha lava ya 1977 na hizi nyingine. Hatukwenda. Vita vilishuka kutoka Rutshuru, na barabara ambayo tungeipanda ikajaa watu wanaoshuka na magodoro kichwani na chukudu (baiskeli za mbao) zilizobeba masufuria na wazee. Kanyaruchinya imefunikwa kwa mahema. Kwetu tumempokea mama mmoja na watoto wake watatu. Dola 14 zilizobaki katika mradi zimekuwa maharagwe na unga, na shajara hii isingekuwa ya kweli kama nisingeliandika hilo.

Mtoto wa mwisho, wa miaka mitano hivi, alikuwa akicheza kwenye kile kipande nyuma ya jiko. Siku tatu hapakuwa na mvua na ukoga ulikuwa mkavu, unavunjika ukiuminya. Alimwaga maji ya kikombe chake juu yake, maji ya kunywa. Ukoga ukalainika na kubadilika rangi mbele ya macho yetu. Akaomba maji mengine. Baba mdogo alikuwa anatazama. Jioni alinipa mshororo mmoja tu:

*Jiwe linangoja mvula, kama mtoto chakula.*

Akasema huo hauongezwi. Shairi la nane litakuwa la mshororo mmoja. Nilitaka kubisha, kwa kuwa tulikuwa tumepanga tarbia, beti za mishororo minne, nikaacha.

Kosa la kiufundi: niliuandika kwenye simu ili nisiusahau, na simu ikabadilisha mvula kuwa mvua yenyewe. Ukiusoma na mvua, mizani ni ileile lakini kina kimekufa. Mvula na chakula vinashikana, mvua na chakula havijuani. Nimezima kabisa marekebisho ya maneno kwenye simu. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, msingoje mwezi wa kumi wa mradi.

29 Januari 2023. Uchapaji

Mashairi 11 tayari. Tumechapa vijitabu 40 vya kurasa 16, vilivyopigwa pini. Rimu ya karatasi dola 6, wino dola 15, umeme ulikatika mara mbili na jenereta ya jirani ilinitoza franka 6,000. Fedha hizi ni za mshahara wangu.

Kosa ni langu, na linauma kwa sababu nilikuwa nimeahidi Septemba. Shairi la kumi linahusu ziwa. Kivu kale lilikuwa na njia ya maji upande wa kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka ziliiziba, maji yakajaa bondeni, na hatimaye yakatoka upande wa pili, kusini, yakawa Ruzizi inayoingia Tanganyika. Alilitunga hivi:

*Milima kuwaka moto, kuziba kaskazini,*
*Likafungiwa mapito, likatulia bondeni,*
*Likaongeza uzito, likapanda vilimani,*
*Likajichimbia mto, Ruzizi, hadi kusini.*

Usiku wa kuchapa nilihesabu utao wa kwanza nikapata saba: ku-zi-ba kas-ka-zi-ni. Alikuwa amelala. Nikaandika *ikaziba kaskazini*, nikaona nimemwokoa. Asubuhi alisoma nakala ya kwanza, akafika ukurasa wa 9, akauliza kwa sauti ya chini: “Nani aliniongezea mizani?”

Konsonanti inayosimama bila irabu katika ushairi inahesabiwa. Labda ni la-b-da, tatu. Kaskazini ni ka-s-ka-zi-ni, tano. Yeye alikuwa na nane, mimi nilimpa tisa, kosa lilelile la siku ya kwanza, safari hii ndani ya shairi lake. Tumetoa pini katika vijitabu vyote 40 na kubadilisha karatasi moja katika kila kimoja. Ilituchukua jioni mbili. Alinisaidia kupanga, mikono ikitetemeka, na hakunigombeza. Nilimwomba radhi mara mbili. Mara ya pili alisema: “Mama, imetosha. Lete ingine karatasi.”

Vijitabu 22 vimekwisha kuchukuliwa, kwa franka 2,000 kila kimoja. Kimoja alikipeleka mwenyewe kwa yule mama wa Bulengo mwenye ndoo. Ilimchukua asubuhi nzima kumtafuta.

12 Machi 2023. Bukavu

Alitaka kuuona mdomo wa Ruzizi kabla ya kutunga la 12. Boti ya usiku, dola 10 kila mtu. Mama mdogo alitungoja bandarini na kitenge kipya. Walisalimiana kwa mikono miwili, hawakusema mengi, na sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Asubuhi tulishuka mahali ziwa linapokuwa mto, mpakani, karibu na daraja. Nilitegemea kelele, na hakuna kelele. Maji ya ziwa yanaonekana yamelala, kisha unaona chupa za plastiki zinakwenda. Zinakwenda polepole, baadaye haraka, zote upande mmoja, na chini zaidi zinarundikana mbele ya bwawa la umeme mpaka wafanyakazi wazitoe. Baba mdogo alisimama muda mrefu akizifuata kwa macho chupa zile, moja moja.

Kisha akafungua kijitabu ukurasa wa 9 na kuomba kalamu.

Anasema mshororo wa mwisho ni wa uongo. Ziwa halikujichimbia mto. Kuchimba ni kazi ya anayejua anakokwenda. Ziwa lilifungiwa, likajaa, na lilipojaa likamwagika pale ukingo ulipokuwa chini kuliko pengine. Kuchimba kulikuja baadaye, na aliyechimba ni maji yenyewe yakipita. Nilimpa *likamwagikia mto*. Mizani nane, kina sawa. Alikataa: mto haukuwapo bado, lingewezaje kuumwagikia? Mama mdogo alijaribu *likafurika kwa wito*, na hilo pia lina nane. Alilifikiria hadi chai ikapoa, akasema wito ni wa mapadri.

Kwa hiyo hali ya kazi leo: mashairi 11, moja liko matengenezoni, la 12 halijaanza. Nakala 18 zilizobaki sitaziuza hadi ukurasa wa 9 ukamilike. Tunabaki Bukavu mpaka Alhamisi. Kinachotafutwa ni ukwapi mmoja, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, mizani nane, kina cha kati -to, usemao kwamba ziwa lilijaa likamwagika, na kwamba mto haukuwapo kabla ya hapo.